Tai wa Bibi Ersilia

Nunzia, acha hiyo pasta iungue, unisikilize. Nimeumbuka!

Si unayajua maonyesho yetu hapa Benevento, ya kuwachorea mashujaa wa karne iliyopita sarafu za Kirumi? Mimi nilimchora bibi yake mchumba wangu Rocco, Bibi Ersilia aliyeongoza mgomo wa wanawake wa kiwanda cha tumbaku. Mbele taji na pua yake ileile. Nyuma nikamweka tai anapaa naye mbinguni. Tai mzuri huyo, we acha tu!

Nikasahau. NIKASAHAU, Nunzia! Warumi tai huyo walimwekea mfalme aliyekwisha kufa!

Na Bibi mwenyewe yuko kiti cha mbele, mzima, anatafuna biskuti.

Mwenyekiti wa maonyesho akakohoa: "Lakini tai huyu ni wa marehemu."

Ukumbi mzima ukakimbilia kushika chuma kufukuza nuksi. Hadi padri! Rocco kang'ang'ania funguo za gari. Mama yake ananitazama kana kwamba mimi ni mchawi.

Bibi akaikodolea macho sarafu, weee. Kisha: "Basi harusi ifanywe upesi, nile keki kabla huyo ndege hajatua."

Nunzia, naolewa Jumamosi. Gauni hata halijakatwa!