Lori la Maji la Alhamisi

Maskati, Novemba 2004

Dada Salha,

Salamu zikufikie huko Unguja. Sisi wazima. Baridi imeanza, na mama halali bila ya shali yako. Alfajiri nnapofungua dirisha bado nnasikia harufu ya ndimu zilizoungua, kama moto wa mwaka jana umepita bondeni jana tu. Kisha nnaiona miche ya mitende tuliyopewa baada ya moto, imesimama kwenye ukungu, nami nnahisi ndoto imenifuata mpaka nje.

Tangu moto, lori la serikali limekuwa likileta maji ya miche kila Alhamisi. Mama huliwahi getini, mpira wa kumwagilia mkononi. "Zuwena," huniambia, "tende za mwanzo zitakuwa za Salha."

Kazini bado nnapanga bajeti ya mtaa. Kampuni ya umeme ambayo waya wake ulizua moto imekubali kuulipa mtaa fidia, kwa hivyo serikali inataka tuirudishie msaada iliotupa baada ya moto. Fidia itakuja kidogo kidogo kwa miaka. Msaada unatakiwa urudi mwaka huu. Ilibidi kitu kikatwe. Shule sikuweza kuigusa, wala zahanati. Nimekata lori la maji.

Mama sijamwambia. Alhamisi iliyopita alingoja mpaka adhuhuri, akasema dereva labda anaumwa, akamwombea dua.

Ukimpigia simu, mtajie tende, maji usimuulize. Leo Alhamisi tena, na hapa nnapoandika nnamsikia anafungua geti.

Mdogo wako,
Zuwena