Risasi Tano za Mwisho za Mzee Harlan

Opal, bado tuko kwenye kiwanja cha shabaha. Siamini.

Mume wangu kapiga zile risasi tano za mwisho alizoyeyusha na kusubu mwenyewe marehemu baba yake, Mzee Harlan, kwa bunduki ileile ya mzee. Zote zikakosa shabaha. Zote tano!

Mzee Lloyd, rafiki wa marehemu, akamuuliza, "Emmett, umeusugua mtutu?"

"Jana kutwa. Nilitaka ung'ae, kumheshimu."

"Ung'ae? Baba yako hakuusugua miaka kumi! Risasi za kusubu hazitulii kwenye mtutu mkavu. Zinataka nta ya kulainisha iliyoachwa humo na risasi zilizotangulia. Hakukwambia?"

"Aliniita bandani kwake kila Jumamosi anifundishe. Nikawa nasema wiki ijayo."

Sasa amepiga magoti kwenye tuta nyuma ya shabaha, anazifukua kwa vidole. Lloyd kamwinamia: "Njoo nazo kwangu kesho, tuziyeyushe, tuzisubu upya."

Hapo ndipo Emmett alipolia, Opal. Msibani hakulia.