Kaseti Iliyokuwa ya Tunduru

Jumatatu, 4 Machi 1996

Uji, vidonge, kupimwa presha. Nesi amebonyeza mguu wangu, shimo la kidole limebaki pale pale. Moyo umechoka. Naujua ugonjwa huu, nimewatibu wengi waliokuwa nao.

Saa mbili wamewasha televisheni ukumbini kwa wagonjwa wa nje. Sauti yangu ikaja kupitia ukutani: dawa ya kifua kikuu humezwa miezi minane, hata ukijiona umepona. Ni kaseti ya mwaka juzi. Mimi naeleza, na Ottilia, mdogo wa marehemu mke wangu, anasimulia alivyougua akapona. Ilikuwa ya kuonyeshwa hospitali za Tunduru. Si hapa Songea. Hapa Ottilia anajulikana.

Jumanne, 5 Machi

Wameirudia mara tatu. Mkulima wa Maposeni, kitanda cha pili, amerudi kutoka ukumbini akicheka. "Babu, kumbe na wewe ni wa kwenye video. Na yule mama anayeuza togwa sokoni, kumbe alikuwa na kifua?"

Nimegeukia ukuta.

Mkuu wa hospitali ni Daktari Komba. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano. Ameniuza. Sina neno jingine.

Alhamisi, 7 Machi

Ottilia ameleta ugali na maharage. Hakukaa.

"Shemeji, uliniambia nini siku ile?"

Nikasema, Tunduru tu.

"Ulisema huko Tunduru, Nakapanya, nani anakujua. Sasa sokoni wananiita Mama Video."

Kumbe kaseti ilianza kuonyeshwa kabla sijalazwa; wiki ya pili sasa kata yake ya kunywea togwa haiguswi. Ndoo mbili za togwa zimechacha, amemwagia nguruwe. Kwenye jumuiya ya sala ni mbaya zaidi. Wakishasali, akina mama hunywa kwa kata moja, zamu kwa zamu. Safari hii ilipotoka kwake, jirani yake alisema hana kiu. Aliyefuata naye hana kiu. Wapo wanaosema kifua ni jina la kumstahi tu, anao ule ugonjwa mwingine. Ottilia ni mjane. Togwa ndiyo inayomlisha.

Nimemwambia Daktari ametusaliti sote wawili. Kwamba alinipa neno lake. Ottilia ameondoka moja kwa moja hadi ofisini kwa Daktari. Nimemsikia kutoka kitandani akimwita mwongo mbele ya wagonjwa.

Chakula sikukigusa.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari amekuja baada ya raundi. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Ameketi ukingoni mwa kitanda kama zamani alipokuwa mwanafunzi.

"Mwalimu, ni neno gani nilikupa?"

Akaendelea taratibu, bila hasira, na hilo limeniuma zaidi. Kwanza walikuwa na kaseti iliyotoka Dar es Salaam. Watu waliitazama kama sinema. Wakasema wale ni waigizaji, wamelipwa kukohoa. Alipoonekana Ottilia, ukumbi mzima ulinyamaza. Walioacha dawa wameanza kurudi, mmoja mmoja. Mkulima wa kitanda cha pili ni mmoja wao, juzi ameomba kuanza dawa tena. Hata yeye anayemcheka.

"Nikiizima, hawa nitawaambia kwa mdomo wa nani?"

Nikasema alipaswa kujua kuwa ni ya Tunduru tu.

"Ningejuaje, mwalimu?"

Kisha amenirekebishia mto na kuondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Pumzi fupi. Siandiki.

Jumapili, 10 Machi

Padre ameleta komunyo wodini. Nimetikisa kichwa, akapita. Ni mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu.

Niandike basi. Daktari hakunipa neno lolote, kwa sababu sikumwomba. Wageni wenye kamera walikuwa na siku mbili tu. Ottilia alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia ni ya Tunduru tu, akakubali. Ahadi hiyo niliitunga palepale, njiani kwenda kwake. Sikumfikishia Daktari. Niliogopa atasema basi, tutafute mgonjwa mwingine na mwelezaji mwingine. Nilikuwa na miaka kumi tangu nistaafu, hakuna aliyeniuliza kitu tena. Nilitaka kufundisha mara moja zaidi. Nilivaa koti langu la harusi.

Ottilia aliniamini kwa sababu miezi ile minane ya ugonjwa wake nilimpa dawa kwa mkono wangu.

Na juzi nimemtuma akamtukane mtu asiye na kosa. Hata humu, ambamo hasomi mtu, niliandika kwamba nimeuzwa. Aliyeuzwa ni Ottilia. Muuzaji ni mimi.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaita wote wawili. Nimesema yote, kwa vipande, pumzi ikikatika. Daktari alitazama sakafu. Ottilia alinitazama mimi.

"Dada angekuwa hai, ungethubutu?"

Nimesema hapana.

Ametaka mambo mawili. Kaseti itolewe hadi atakapoamua mwenyewe. Na niandike barua kwa mkono wangu, isomwe kwenye jumuiya: kwamba nilimdanganya, na kwamba makohozi yake yalipimwa na amepona. Daktari atie sahihi na mhuri. Daktari amekwenda kuitoa kaseti, akampa Ottilia mkononi.

Nimeharibu karatasi mbili. Ya tatu imesomeka.

Kabla hajatoka, Ottilia alimwomba Daktari radhi. Mimi hakuniambia kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Winfrida, binti wa Ottilia, amekuja asubuhi. Barua ilisomwa jana. Kata ilipotoka kwa Ottilia, mwenyekiti wa jumuiya alinywa kwanza, kisha wanawake wawili. Waliobaki walisema wamefunga, ni Kwaresima. Huenda ni kweli.

Nimeuliza kama mama yake atakuja. Amesema ametumwa kuchukua bakuli lao la maharage.

Nesi alitaka kuliosha. Nimekataa. Ameniwekea beseni mapajani, nimeliosha mwenyewe, ndani na nje, nikalikausha kwa ncha ya shuka. Kazi imechukua muda. Winfrida alisimama mlangoni. Hakuniharakisha.