Jani ya Mupapai ya Mama

Gisenyi, kiangazi 1999

Mudogo yangu Faida,

Yambo sana. Magoti yako iko namna gani? Yangu inalia, lakini ingali inapanda mulima. Mbele ya yote nikugombeze: jani ya mupapai ya marehemu mama ulinitumia toka kwetu Uvira ndani ya kitenge yenye kunuka samaki ya ndagala. Haya, ilifika, vidole yake yote wazi sawa mukono ya mutu. Na wewe, kwa mustari moja tu, unaniandikia kama muti yenyewe imeanguka na mvua. Mutu anaambia dada yake vile?

Sasa sikia kazi yangu ya uzee. Iko madamu mumoja hapa, Josée, alirudi kutoka Bulaya, anatufundisha sisi bamama ya parokia kupiga picha ya majani bila mashini. Unapaka karatasi dawa ndani ya giza, unaikausha, unalaza jani juu, unafunika na kioo, unatoa inje kwa jua. Kisha unaosha na maji. Mahali jua imepiga panakuwa bleu sawa maji ya ziwa Kivu asubuhi. Mahali jani ililala panabaki peupe.

Siku ile nilikaa karibu ya kioo, jua ikanisinziza. Ndani ya ndoto nikaona mama anatoka nyuma ya jikoni, mikono inatona maji, ananiangalia. Nilipofungua macho nikaosha karatasi, na mukono yake ikapanda polepole toka ndani ya bleu. Sidanganyi. Jani yenyewe ilivunjika, ikawa vumbi. Picha tu njo ilibaki.

Bon. Pembeni nikaona doa ya manjano. Unanijua, kitu yangu haitoki mbele ya batu na uchafu. Nikailaza ndani ya maji ya sabuni ya unga. Faida, bleu ikakimbia mbele ya macho yangu, mama akazama ndani ya manjano. Josée akaniuliza nani alisema picha inafuliwa sawa shuka. Nikamujibu nilianza kufua mbele mama yake azaliwe. Lakini karatasi nikamupatia. Akapika chai nyeusi, kali, bila sukari, akamimina ndani ya sahani kubwa.

"Laza humu, mama. Chai itairudisha. Usiguse."

Sikugusa. Nikatazama mupaka mukono ikarudi. Lakini pembeni yake bleu haikurudi. Palikuja rangi ya udongo ya Uvira ikilowa.

Siku ya kuonyesha batu picha zetu, ukuta yote ya salle ya parokia ilikuwa bleu, yangu peke yake udongo. Batu balisimama pale. Mubaba mumoja akauliza kama ni jani ao mukono. Nikamwambia iko na macho, aangalie.

Sasa wewe. Tangu nizike mume wangu unasema utakuja. Mama mwenye kuuza ndagala, aliyeniletea jani, anapita mupaka, basi na wewe unaweza kupita naye. Muti imeanguka, jani imekuwa vumbi. Josée amenifichia karatasi moja yenye dawa ndani ya giza. Nataka tulaze mukono yako na yangu pamoja chini ya kioo.

Usalimie shemeji yangu, bwana yako, umwambie atajipikia siku hauko. Usalimie binti yako mushonaji, na muke ya kaka yetu mwenye kunicheka.

Dawa ile haikai sana ndani ya karatasi. Na mi pia sikai sana. Kuja.

Yaya, dada yako mukubwa,
Mapendo