Programu Iliyomufuta Mama Neema

Mudogo wangu Mama Grâce, amani ya Bwana ikukute huko Mahagi.

Nimekasirika mbele ya padri, Mungu anisamehe. Vijana wa parokia hapa Shari wako na programu ya kutafuta wakimbizi: unataja jina, inakuonyesha kambi. Sasa wanajaribu ghala mupya ya majina ndani yake, eti iko mbio kupita ya zamani. Nikataja yaya yetu, dada yetu mukubwa, Mama Neema wa Djugu. Ikatoa mama mwingine kabisa.

"Jina likifanana, anayeandikwa nyuma anafuta wa mbele," fundi wao akasema. "Lakini umeona mbio yake, mama?"

"Huku kila mama anaitwa kwa jina ya mutoto wake, na akina Neema wamejaa. Risasi zilimukosa yaya, weye ndiye umumalize?"

"Basi namuandika tena."

"Ili umufute yule mwingine?"

Fundi akarudia ghala ya zamani. Ilikawia, nikasali. Ikawatoa Mama Neema wote, na yaya yetu kati yao.

Nilimufuata kambini; sasa yaya iko hapa kando yangu, amekonda, anakula mboga ya sombe, anakutaja. Yule mwingine namuombea watu wake wamupate. Mungu awafunike weye na watoto.

Dada yako, Mama Josué