Kidole cha Nyagaka

Mama Velma,

Chai iko kwa thamosi. Randa ya betri msiiguse. Betri nimeitoa, naenda nayo mfukoni. Velma asijifanye fundi. Nampeleka Nyagaka hospitali, bodaboda inangoja.

Tulikuwa tunapunguza ule mlango unaokwama, maranda yakaziba mashine. Ndugu yangu Nyagaka akaingiza kidole kuyatoa, mimi nimeishika huku nampasha kisa cha ile harusi ya kule Kapsoit, betri bado iko ndani. Nikacheka, nikabonyeza swichi, ikamkata. Ni kidole chake cha kuchumia chai.

Wageni tuliowaalika kesho waje tu, nyumba isinyamaze kama ya msiba.

~~Mama yetu akipiga simu, mwambie mashine iliteleza.~~ Hapana. Mwambie ni mkono wangu uliobonyeza. Nyagaka alikuwa ananisikiliza tu.

Baba Velma