Neno Nililoongeza

Nunguni,
9 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Nthiwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nawe. Mimi mwili hauna neno. Baridi imetushika, ukungu haujainuka tangu Jumatatu.

Habari ya kwanza ni nzito. Mama alitutoka mwezi wa Machi, baada ya kuugua wiki tatu. Watu wa kanisa walimzika vizuri, kisha wakarudi kwao. Tangu siku hiyo napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki.

Wiki iliyopita nilikwenda saiba ya Kanyiva hapa sokoni kukutafuta mtandaoni. Niliandika Nthiwa tu, wakatokea wengi: mwalimu, mwanariadha, marehemu wawili. Kanyiva akaniambia nifunge majina yako yote mawili ndani ya alama za kunukuu, mtandao uyatafute yakiwa pamoja. Hakukutokea kitu. Akaniuliza ulipenda kazi gani, kwa sababu pengine walioandika habari zako hawakuiti ninavyokuita mimi. Nikasema nyuki. Basi nikaliacha jina la kwanza, nikaandika Musembi, mizinga, Mwingi.

Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na picha ya chama cha wafuga nyuki. Katibu: Musa Musembi. Umeota mvi, lakini unasimama ukiegemea mguu mmoja kama Baba. Chini waliweka anwani ya posta.

Kanyiva alitaka kujua Mwingi nimeitoa wapi. Nikamwambia nimekisia tu. Nilimdanganya.

Nthiwa, barua yako ya mwaka 2011 kutoka Mwingi ilifika. Niliisoma palepale posta: umesilimu, umemwoa Salama, na unamwomba Mama aje akae nanyi. Nilijua angekuja. Nikaogopa kuachwa peke yangu katika nyumba hii, nikaificha ndani ya godoro langu. Kila Krismasi Mama aliuliza kama kuna mtu amekuona, nami nikasema hapana. Amekufa akiamini ulimsahau.

Sikulazimishi kujibu. Kaburi liko nyuma ya jikoni, upande wa shamba la viazi. Ukitaka kuja nisiwepo, niambie siku, nitakwenda kushinda kwa jirani.

Msalimie wifi Salama. Kama mmejaliwa watoto, wape salamu za shangazi wasiyemjua.

Ni mimi dada yako,
Wavinya Musembi